Koti la Sufu Chini ya Jua la Shinyanga

Fika mnadani Mhunze au Tinde alfajiri ya mwezi wa saba uwatazame wazee wanaosubiri ng'ombe waanze kupigiwa bei. Wengi wamevaa makoti. Baadhi ni ya suti, yaliyopotezana na suruali zake. Mengine ni mazito, ya kahawia au rangi ya majani makavu, ukiyapapasa yanakwaruza kiganja. Haya ya pili ni twidi, kitambaa cha sufu kilichopata jina Uskoti katika karne ya 19. Vijana wa mjini huwaonea huruma wazee hao kwamba wanajichemsha kwa nguo ya Ulaya. Mimi kazi yangu ni vitambaa, na nasema mzee hajakosea, ilimradi koti lenyewe liwe la sufu ya kweli.

Hali ya hewa ndiyo inayompa haki. Shinyanga iko juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na kiangazi mawingu ni machache, hivyo joto la mchana hupotea haraka usiku. Mwezi Julai kunakucha na nyuzi 15 hivi, na saa nane mchana zinakaribia 30. Sufu huvumilia mabadiliko hayo kuliko kitambaa kingine chochote ninachokijua. Nyuzi zake zimejikunja, zinashika hewa katikati yake, na hewa hiyo ndiyo inayozuia baridi. Jasho likianza, sufu hunywa mvuke hadi karibu theluthi ya uzito wake kabla mvaaji hajahisi umajimaji. Poliesta hunywa kidogo mno. Jasho hubaki mgongoni.

Kuna pia suala la moto. Kwenye shikome, pale wazee wa Kisukuma wanapoota moto jioni na kuwafunda vijana, cheche ikiangukia sufu huunguza kidogo ikazimika. Ikiangukia poliesta, kitambaa huyeyuka na kuganda kwenye ngozi. Kwa nyumba inayopikia kuni, tofauti hiyo pekee inatosha kuamua ununue koti lipi.

Utalitambuaje koti la sufu sokoni, iwe Mlango Mmoja kule Mwanza, Kahama au Katoro? Lebo mara nyingi imekatwa. Mwombe muuzaji ruhusa uchomoe uzi mmoja ndani ya upindo, uuwashe kwa kiberiti. Sufu hunuka nywele zilizoungua, huzimika ukiitoa motoni, na majivu yake husagika vidoleni. Poliesta huyeyuka na kuacha kijidonge kigumu. Ukiona dalili zote mbili, ni mchanganyiko, na bei ishuke. Lebo ikiwapo, tafuta alama ya Woolmark, iliyoanza mwaka 1964, inayofanana na fundo la uzi. Ukibahatika kukuta tufe lenye msalaba juu yake, umeshika Harris Tweed. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1993 inataka kitambaa hicho kifumwe kwa mkono na wakazi wa visiwa vya Outer Hebrides, majumbani mwao, kwa sufu iliyotiwa rangi na kusokotwa hukohuko. Sufu yake hutiwa rangi kabla ya kuwa uzi, kwa hiyo uzi mmoja hubeba rangi kadhaa. Ndiyo maana vumbi la barabara ya Geita halionekani upesi juu yake. Linapigwa brashi, linaondoka.

Tofautisha pia koti la michezo, kama haya ya twidi, na koti la suti. La suti ni laini, jembamba, linang'aa kidogo, na likivaliwa na jinzi huonekana limekosa mwenzake. La michezo lilishonwa tangu mwanzo livaliwe na suruali yoyote, kwa watu wa shamba waliowinda na kupanda farasi. Mpasuo wa nyuma uliwekwa ili koti lisikunjamane juu ya tandiko. Shinyanga ni mji wa baiskeli, na mpasuo huohuo unafanya kazi ileile juu ya kiti cha baiskeli. Mfuko wa ndani, ulio juu ya moyo, ni salama kwa pesa ya ng'ombe kuliko mfuko wa suruali. Nguo hii ina kazi hapa, na anayeivaa hajaiga mtu.

Angalia mabega kuliko kitu kingine. Mshono wa bega uishie pale mfupa unapoishia. Mikono fundi ataifupisha, mbavu atazipunguza, lakini bega likikataa, achana nalo hata kama linauzwa bei ya bure. Kinacholeta joto mara nyingi ni bitana ya poliesta. Mwambie fundi aitoe mgongoni, aache ya mabegani na mikononi ili koti livalike kwa urahisi. Mafundi wa Kahama wanaiweza kazi hii, ila wateja hawaombi.

Usilifue kwa maji ya moto wala kulisugua: sufu itasinyaa na haitarudi. Lipige brashi, litundike penye upepo, na mara mojamoja ligeuze ndani nje ulianike juani, ili kufukuza mabuu ya nondo, ambayo hula sufu. Pasi ya mkaa isiguse koti lenyewe; tanguliza kitambaa chenye unyevu.

Nawaona wachimbaji wadogo wa dhahabu Rwamgasa, Nyarugusu na Mgusu wakivaa makoti haya asubuhi ya baridi, wakienda nayo hadi kwenye makarasha ya kusaga mawe na mialo ya kuoshea dhahabu. Hapo nasema hapana. Kitambaa kinachokwaruza hushika vumbi la mawe, na vumbi hilo huharibu mapafu. Wakati wa kuchoma dhahabu iliyonaswa kwa zebaki, mvuke wa zebaki hiyo hauonekani, nao hunasa kwenye nguo. Sufu ina protini ileile ya nywele, ambayo hushikana na zebaki. Shati la pamba linafuliwa kila jioni, koti la sufu halifuliwi hivyo. Litatundikwa chumbani wanakolala watoto, na watoto pamoja na mama wajawazito ndio zebaki inaowadhuru zaidi.

Ndugu mchimbaji, nunua koti zuri, livae sokoni, kanisani, msikitini, msibani na harusini. Ukienda mwaloni, liache nyumbani uvae nguo ya kazi, na nguo hiyo ya kazi isiingie chumba cha kulala.