Kutu ina njia zake: ufundi wa kuchakaza treni za mfano

BUWENGE – Wakati wa kiangazi, tazama lori la mahindi likipita barabara ya Jinja kwenda Kamuli. Vumbi jekundu halijalipaka sawasawa. Limejaa nyuma ya magurudumu, limepanda hadi mlangoni, likaishia chini ya turubai, na mvua ya jana imechora michirizi juu yake. Fundi wa treni za mfano husoma hapo hapo.

Treni ya mfano ikitoka kwenye boksi hung'aa kama sahani mpya. Wapenzi wake, wengi wao wakiwa Ulaya na Marekani, hutumia jioni nzima kuichakaza ionekane imefanya kazi. Kipimo kinachopendwa sana ni 1:87. Behewa la mita 13 hubaki na sentimita 15 hivi.

Kwanza hufifisha rangi kwa kupaka nyeupe iliyozimuliwa sana kwa maji. Kisha hudonoadonoa kahawia iliyoiva kwa kipande cha sponji, na nukta chache za rangi ya chungwa kwa kutu changa. Hapa ndipo wengi huharibu, kwa kutapakaza kutu kila mahali. Kutu huanzia rangi ilipokwaruzwa, maji yanapotuama na mabati yanapoungana. Sehemu ya chini hupata unga wa hudhurungi unaotoka kwenye breki za chuma. Mwisho hupakwa chaki iliyosagwa, kisha vanishi isiyong'aa ili ishike. Ukitaka kutumia udongo wetu, uchekeche kwa kitambaa: chembe ya nusu milimita kwenye kipimo hicho ni jiwe la zaidi ya sentimita nne!

Kanda yetu ina vielelezo vya kutosha. Reli ya Busoga ilifunguliwa mwaka 1912, kutoka Jinja hadi Namasagali, kukutana na meli za Ziwa Kyoga. Baadaye Shirika la Reli la Afrika Mashariki (EAR) liliagiza injini 34 za Garratt za daraja la 59 kutoka kiwanda cha Beyer Peacock, Manchester, na kuzipa majina ya milima. Mount Gelai bado ipo katika Makumbusho ya Reli, Nairobi. Zilichoma mafuta mazito, hivyo masizi yalitanda juu ya rangi nyekundu, na maji yenye chumvi yaliacha michirizi meupe kwenye vali. Zilikuwa za njia nzito ya Mombasa–Nairobi. Anayeiweka moja katika stesheni ya Jinja ajiandae kuulizwa.

Lakini kazi ngumu kuliko zote ni herufi. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, mabehewa yaligawanywa, na EAR ikafunikwa kwa rangi za mashirika ya kila nchi. Jua lilipokula rangi mpya, ya zamani ilichungulia. Fundi mzuri hupaka herufi za zamani kwanza, huzifunika kwa tabaka jembamba, kisha husugua taratibu hadi zionekane kwa mbali. Behewa lisilo na kivuli hicho, kwa macho yangu, halijawahi kuvuka Malaba.

Jicho hilo hilo linamfaa mfanyabiashara anayepakia nafaka. Michirizi ya kahawia ndani ya ukuta, chini ya kona ya paa, ina maana maji yanaingia. Mwenzako akiwa nje, ingia mchana, mlango ufungwe kwa dakika moja, utazame juu. Ukiona nukta za mwanga, magunia yasipande.