Unga wa Shaba Katika Maji ya Rejeta: Je, Injini Itapoa?

Kila dereva aliyepandisha lori lililojaa katika milima ya Kigezi anaujua mshale ule mdogo unaopanda taratibu kuelekea alama nyekundu. Humtoa mtu jasho kuliko jua lenyewe. Dereva hushuka na kufungua boneti, na wale walio nyuma, wawe askari au abiria na mizigo yao, hawana la kufanya ila kukaa ukingoni mwa barabara wakingoja chuma kipoe. Si ajabu, basi, kwamba mtu akiambiwa iko dawa ya kutia katika maji ya rejeta, tena iliyobuniwa na wanasayansi, hutia mkono mfukoni bila kuuliza sana. Siku hizi neno "nano" huonekana kwenye chupa za dawa za namna hiyo. Yafaa tulichunguze kabla fedha ya karo ya watoto haijaishia ndani ya rejeta.

Nanomita ni milimita moja iliyogawanywa mara milioni. Unywele wa mtu una unene wa nanomita 80,000 hivi. Chembe zinazozungumzwa hapa, za shaba au za oksidi ya alumini, zina upana wa chini ya nanomita 100, na nyingine hazifiki 10. Sababu ya kuzitia majini ni nyepesi kuielewa. Shaba hupitisha joto mara 600 na zaidi kuliko maji. Mama yeyote ajua kwamba kijiko cha chuma kilichosahauliwa katika uji unaochemka huunguza vidole, na mwiko wa mti hauunguzi. Kwa nini basi tusichanganye chuma na maji, ili maji yapate tabia ya chuma?

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1873 Mskochi James Clerk Maxwell, katika kitabu chake juu ya umeme na sumaku, alitoa hesabu ya jinsi umeme unavyopita katika mchanganyiko wenye chembechembe, na wahandisi waliona kwamba hesabu hiyo yafaa kwa joto pia. Haitoi ahadi kubwa: chembe za chuma zikiwa asilimia 1 ya ujazo, upitishaji joto waongezeka kwa asilimia 3 hivi tu. Tena waliojaribu kwa unga wa kawaida walipata taabu, maana unga hutuama chini, huziba mirija na kuisugua pampu mpaka ikachakaa.

Mwaka 1995 Stephen Choi na Jeffrey Eastman wa maabara ya taifa ya Argonne, karibu na Chicago huko Marekani, walipendekeza chembe za kiasi cha nano, ambazo kwa udogo wake husukumwasukumwa na molekuli za maji zisipate kutuama upesi. Kisha mwaka 2001 Eastman, Choi na wenzao walitangaza jambo la kustaajabisha: chembe za shaba zisizofikia nanomita 10, kwa asilimia 0.3 tu ya ujazo, ziliongeza upitishaji joto wa ethilini glaikoli kwa hadi asilimia 40. Kwa hesabu ya Maxwell ongezeko lilipaswa kuwa asilimia 1 hivi! Maabara za nchi nyingi zikaikimbilia kazi hiyo. Baadhi zilipata ongezeko kubwa na nyingine dogo, hata kwa michanganyiko iliyofanana.

Ubishi huo ulipimwa kwa njia ambayo mimi naiona yastahili sifa kuliko tangazo lenyewe. Jacopo Buongiorno, wa chuo cha MIT huko Marekani, aliongoza jaribio ambamo sampuli zile zile ziligawiwa kwa zaidi ya maabara 30 za nchi mbalimbali, kila moja ipime kwa vyombo vyake. Matokeo yalitolewa mwaka 2009. Sampuli hizo hazikuonyesha muujiza. Ongezeko lilikuwa karibu na lile la hesabu za kale zilizotokana na Maxwell.

Hata kama maji ya kupozea yangepitisha joto zaidi, hapana budi tuulize joto hukwama wapi. Hutoka katika chuma cha injini, huingia majini, pampu huyapeleka maji kwenye rejeta, nayo huliachia joto kwa hewa ipitayo kati ya vibati vyake vyembamba. Maji hupitisha joto mara 20 na zaidi kuliko hewa. Kwa hiyo kikwazo kikubwa kiko upande wa hewa, na kuyatengeneza maji ni kupanua barabara huku daraja bovu likiachwa vile vile. Zaidi ya hayo, chembe huyafanya maji kuwa mazito, pampu ikafanya kazi zaidi, na baada ya muda huweza kugandana na kutuama. Kubeba joto nako ni jambo jingine: kilo ya maji ikipanda nyuzi moja hubeba joto mara kumi na zaidi kuliko kilo ya shaba.

Iko mahali, hata hivyo, ambapo kimiminika chenye chembe nano husaidia kweli kupoza. Mwaka 1963 Steve Papell wa shirika la anga la Marekani, NASA, alibuni kimiminika chenye chembe za sumaku, akitaka kukiongoza mafuta ya roketi pasipo na uzito. Kimiminika cha namna hiyo baadaye kilitiwa ndani ya spika, ambamo sumaku hukishika kandokando ya koili, nacho huliondoa joto. Angalia kilichukua nafasi ya nini: ya hewa.

Kwa mwenye gari, basi, kazi iko kwenye vitu vya kawaida. Vibati vya rejeta vilivyojaa matope na wadudu vioshwe kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, visije vikapinda. Mkanda wa feni utazamwe. Maji ya kisima chenye chumvi yasitumike, kwani huacha ukoko kama ule wa ndani ya birika, nao huzuia joto. Na kifuniko cha rejeta kisidharauliwe. Mahali palipo juu mita 2,000, maji yaliyo wazi huchemka kwa nyuzi 93 hivi. Kifuniko kizima huyabana, yasichemke hata yakipita nyuzi 100. Mpira wake ukipasuka, gari lililotulia bondeni laweza kuchemka mlimani, na kifuniko kipya ni cha bei nafuu kuliko chupa ya dawa. Kisifunguliwe kamwe injini ikiwa ya moto.

Neno moja kwa walio nyumbani. Ethilini glaikoli, inayotiwa katika maji mengi ya kupozea, ina utamu na mara nyingi hutiwa rangi ya kupendeza, lakini ni sumu inayoharibu figo. Isiwekwe katika chupa ya soda. Mtoto akiinywa, hata kidogo, apelekwe hospitali saa ile ile pamoja na chupa yenyewe, bila kungoja dalili.