Ziara za Utamaduni Japani: Sehemu ya Masomo, Si Anasa

Kila mwaka Serikali ya Japani hufadhili wanafunzi wa Kenya kupitia mpango unaojulikana kama MEXT. Anayefaulu hulipiwa karo na nauli ya ndege, na hupewa posho ya kila mwezi. Wa shahada ya kwanza kwa kawaida huanza na mwaka mmoja wa kujifunza Kijapani.

Baadhi ya wazazi huona ziara za mapumziko ya wikendi kama kupoteza pesa. Lakini lugha hushika haraka mwanafunzi anaposoma vibao vya stesheni, kuuliza njia na kusalimu wenyeji.

Si lazima ziara iwe ghali. Jijini Kyoto, mji mkuu wa Japani kuanzia mwaka wa 794 hadi karne ya 19, madhabahu ya Fushimi Inari hayatozi kiingilio. Kusini yake kuna Uji, mji maarufu kwa chai. Huko kijana wa Kuresoi atakuta mmea ule ule wa shambani kwao, ila majani hupashwa mvuke mara tu yanapochumwa ili yabaki kijani. Ya Kuresoi husagwa na kuachwa yageuke rangi kabla ya kukaushwa. Hayo ni maarifa ya kurudi nayo nyumbani.

Mwanafunzi akitaka kuongeza posho kwa kibarua, sharti apate kibali cha uhamiaji, na asizidishe saa 28 kwa wiki wakati wa masomo.

Maombi hupitia Ubalozi wa Japani, Nairobi, bila ada. Anayeitisha pesa za fomu ni tapeli.