Fidia ya Majeruhi wa Bodaboda Eastlands

Mwendeshaji bodaboda anayegongwa na matatu kwenye Barabara ya Outering ana haki ya kumdai fidia dereva wa matatu hiyo pamoja na mmiliki wake, iwapo kosa ni lao. Abiria aliyempakia ana haki hiyo hiyo. Sura ya 405 ya Sheria za Kenya inamlazimu kila mwenye gari, pikipiki ikiwemo, kukata bima ya kuwalinda wengine, yaani thadi pati. Bima hiyo haimlindi mwendeshaji mwenyewe. Anayeanguka peke yake kwenye shimo huko Kayole hapati chochote kutoka kwa bima yake ya thadi pati, na wengi huja kulijua hilo mguu ukiwa tayari umefungwa plasta.

Kesi nyingi huharibikia barabarani. Mwenye gari hutoa elfu chache, waendeshaji boda wa steji wanashauri yaishe hapo hapo, watu wanatawanyika. Nambari ya gari haikuandikwa, polisi hawakuitwa, kisha siku chache baadaye inabainika kwamba mfupa umevunjika. Bila kuripoti hakuna nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, na bila OB hakuna abstrakti ya polisi, karatasi inayotaja magari yaliyohusika na bima zake. Aliyelazwa anaweza kumtuma ndugu yake katika kituo kinachosimamia eneo la ajali, kiwe Buruburu au Kayole. Polisi pia hutoa fomu ya P3, ambayo daktari hujaza kueleza uzito wa jeraha.

Risiti nazo zitunzwe kuanzia siku ya kwanza. Maumivu na ulemavu hakimu huvipima kwa kutazama kesi za awali za majeraha yanayofanana, lakini pesa zilizotumika hulipwa kwa ushahidi tu: dawa, eksirei, vyuma vya mfupa, hata teksi ya kwenda Hospitali ya Mama Lucy Kibaki. Kipato kilichopotea ndicho kigumu zaidi kuthibitisha, kwa kuwa mwendeshaji boda hana hati ya mshahara. Taarifa yake ya M-Pesa ya miezi ya kabla ya ajali inaweza kumwokoa.

Lawama hugawanywa. Sheria ya Trafiki inadai helmeti na jaketi la kuakisi mwanga, na abiria mmoja tu. Asiyevaa helmeti hapotezi kesi kwa sababu hiyo, ila fidia yake inaweza kupunguzwa, hasa akiwa ameumia kichwa.

Kesi hufunguliwa ndani ya miaka 3 tangu ajali. Ikiwa mshtakiwa ni Serikali, ndani ya miezi 12. Kwa mtoto, hesabu huanza akitimiza miaka 18. Bima hulipa hadi shilingi 3,000,000 kwa mtu mmoja, na kinachozidi hudaiwa mwenye gari. Mahakama ya Madai Madogo hupokea madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, lakini majaji wametofautiana kuhusu mamlaka yake juu ya majeraha ya ajali, kwa hiyo ushauri wa wakili unahitajika kabla ya kuichagua.

Wakili huyo asiletwe na broka anayezunguka wodini na fomu za kutiwa sahihi. Majeruhi aliye katika maumivu huweza kusaini hati ya kumaliza madai kwa pesa kidogo, na akishasaini ni vigumu mno kurudi kudai zaidi. Mkataba wa kumlipa wakili kesi ikishinda tu haukubaliki kisheria nchini Kenya. Ada huandikwa na kuelezwa mapema. Asiye na uwezo anaweza kuomba msaada Kituo cha Sheria, shirika lililoanza mwaka wa 1973, au Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2016. Fidia kwa kawaida hupitia akaunti ya wakili, naye mteja ana haki ya kuonyeshwa kiasi kilicholipwa na kila kilichokatwa. Akinyimwa hesabu hiyo, hupeleka lalamiko lake kwa Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili.