Stelingi Hafi: Filamu za Vita na za Kutisha Machoni mwa Watu wa Mpakani

Filamu za kutisha na filamu za vita huwekwa na watazamaji wengi katika kapu moja, kwa kuwa zote zina damu, mayowe na maiti, lakini kwa mtu wa nyanda za juu za Kigoma aina hizi mbili zimeachana mbali sana: ya kwanza humwogofya mtazamaji kwa kitu ambacho hajawahi kukutana nacho, ilhali ya pili huweza kumrudishia kitu alichokikimbia.

Kasulu, Kibondo na Muyama, ambayo tangu 2012 imo katika Wilaya ya Buhigwe iliyomegwa kutoka Kasulu, ziko jirani na Burundi, na Kiha kinachozungumzwa huko kinasikilizana kwa kiasi kikubwa na Kirundi. Warundi walivuka mpaka kukimbia mauaji ya 1972, wakavuka tena baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa tarehe 21 Oktoba 1993. Mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa wilayani Kasulu kuwapokea Wakongo, na mwaka 2015 kambi ya Nduta wilayani Kibondo ikafunguliwa upya kwa ajili ya Warundi wengine. Kwa hiyo, mlio wa bunduki unaporindima kutoka kwenye sabufa katika wilaya hizi, wapo wanaousikia kama burudani na wapo wanaoutambua.

Burudani hiyo kwa kawaida hupatikana katika kibanda umiza, yaani chumba cha mabati au cha turubai ambamo watu hulipa kiingilio kidogo na kubanana kwenye mabenchi mbele ya televisheni, watoto wakiwa wamekaa chini, mbele kabisa. Hapo ndipo lilipostawi neno stelingi, lenye maana ya mhusika mkuu anayepigana na maadui, pamoja na imani ya watazamaji kwamba stelingi hafi. Hapo pia ndipo ilipokua kazi ya mtafsiri, ambaye huingiza sauti yake ya Kiswahili juu ya filamu ya kigeni, akieleza, akiongeza chumvi na kuwapa wahusika tabia za mtaani. Katika kazi hiyo jina la Lufufu linajulikana Tanzania nzima.

Imani kwamba stelingi hafi ndiyo kiini cha tatizo, kwa sababu inamfundisha kijana kuwahesabu wanaoanguka bila kumwuliza yeyote jina lake. Mfano mzuri unatoka katika filamu zenyewe za Rambo, ambazo kizazi kizima cha Watanzania kimekua nazo. Ile ya kwanza, First Blood ya 1982, ina kifo kimoja tu, na vita vya Vietnam vinaonekana humo kwa vipande vifupi vya kumbukumbu. Mwishoni stelingi, akiwa amezingirwa na askari, anaketi sakafuni na kumsimulia kamanda wake wa zamani jinsi mtoto alivyoleta kisanduku cha kung'arishia viatu kilichotegwa bomu, na jinsi yeye alivyohangaika kuushikilia pamoja mwili wa rafiki yake uliotawanyika, huku rafiki huyo akilia kwamba anataka kurudi nyumbani. Kisha mwanamume huyo mwenye misuli analia kama mtoto na kujisalimisha. Katika filamu iliyofuata, ya 1985, anarudi Vietnam na kuua watu makumi kwa makumi, na kilio kile kimesahauliwa. Ya kwanza ndiyo filamu ya vita hasa, ingawa hadithi yake inatokea katika mji mdogo wa Marekani. Ya pili ni mchezo wa shabaha.

Filamu za kutisha hazistahili lawama kubwa kiasi hicho. Mtengenezaji filamu wa Kitanzania Mussa Banzi alipotengeneza Nsyuka na Shumileta katika miaka ya 2000, alifuata njia ambayo bibi wa Kiafrika wameipita tangu zamani kwa hadithi za zimwi, kwani hofu ya namna hiyo ina mpaka unaojulikana, na taa ikiwashwa zimwi linaondoka. Hata hivyo, bibi huona uso wa mjukuu anayetetemeka na kulipunguza zimwi meno, jambo ambalo televisheni haiwezi kulifanya.

Inawezekana pia kuonyesha mauaji bila kuyageuza karamu. Katika Hotel Rwanda ya 2004, gari linapita alfajiri katika ukungu mzito, linaanza kurukaruka kama limeacha njia, na mhusika mkuu anaposhuka anagundua kwamba barabara imetandazwa maiti. Mtazamaji anakuwa ameshautambua ukatili huo kwa mtikisiko wa gurudumu kabla hajauona. Mtu wa Kasulu, anayeujua ukungu wa asubuhi milimani, haelekei kulisahau tukio hilo upesi. Filamu ya Kisovieti iitwayo Come and See, ya 1985, inayohusu Belarusi chini ya jeshi la Ujerumani mwaka 1943, inakwenda mbali zaidi: mabomu yakishaanguka, sauti zote zinamezwa na mvumo masikioni, na mtazamaji anasikia kama anavyosikia mvulana aliyenusurika, ambaye uso wake unazeeka kadiri filamu inavyoendelea. Filamu hizo zote zinastahili kutazamwa na watu wazima, hata kama ni chungu, kwa sababu ndani yake aliyekufa hubaki kuwa mtu.

Tanzania ina sheria ya filamu tangu 1976 na ina Bodi ya Filamu inayozikagua na kuzipanga kwa umri wa watazamaji, lakini mlangoni pa kibanda mamlaka halisi yako kwa mwenye kibanda na kwa sauti ya mtafsiri. Wenye vibanda wa Kasulu, Kibondo na Muyama wanaombwa kuwaondoa watoto kwenye mabenchi ya mbele kabla picha ya vita haijaanza, na watafsiri wanaombwa, pale stelingi anapolia, wanyamaze wamwache alie.