Mbwa na mbegu za mbarika
Mbarika, au mnyonyo, huota wenyewe kando ya jalala na nyuma ya choo, na katika nyua za Izia, mjini Sumbawanga, haustahili kuachwa karibu na mbwa aliyefungwa. Wapo watakaopinga: mbwa ana pua, hawezi kula sumu, na wengi wameila wakapona. Kupona huko kuna sababu. Mbegu hiyo, yenye madoadoa na umbo la kupe aliyeshiba, ina sumu iitwayo risini. Ikimezwa nzima, ganda lake gumu huweza kuipitisha tumboni bila madhara. Ikitafunwa, sumu hutoka. Ndiyo maana mbwa wawili wanaweza kula mbegu zilezile, mmoja akapona na mwingine akafa, kisha jirani akasingiziwa. Kutapika, kuharisha damu na kulegea huanza baada ya saa kadhaa, na hakuna dawa ya kuvunja nguvu ya risini. Daktari wa mifugo humsaidia mbwa kwa matunzo kama dripu, hivyo kuwahi ni muhimu mno. Mafuta ya mbarika ni dawa, kweli, lakini risini hubaki kwenye mashudu, na mashudu yasiyochemshwa yakiwekwa bustanini kama mbolea, mbwa huyafukua. Vichala vikatwe vingali vibichi, kabla havijapasuka na kumwaga mbegu, hasa penye watoto wa mbwa, maana hao hutafuna kila kitu.