Chen Da, Malenga wa Hengchun

Chen Da, mwimbaji aliyezaliwa mwanzoni mwa karne ya 20 na kufariki mwaka 1981, hatenganishiki na Hengchun, rasi iliyo kwenye ncha ya kusini ya kisiwa cha Taiwan, ambako wakulima na vibarua waliimba mashambani na harusini bila ya mtu kuyaandika maneno yao. Alikuwa maskini, mwenye jicho moja lililopofuka, na kwa miaka mingi alitegemea vibarua na tunzo za wasikilizaji waliomwalika.

Ala yake ilikuwa yueqin, ya jamii moja na gambusi, yenye nyuzi mbili, shingo ndefu na kisanduku cha duara. Mahadhi yaliyompa umaarufu huitwa Sixiangqi, nayo hayafungwi na maneno yaliyokwisha kupangwa, kwani mwimbaji huanza kwa neno hilo lenye maana ya kukumbuka, kisha hutunga papo hapo beti za mishororo minne yenye mizani saba kila mmoja, huku nyuzi zikijaza nafasi anapovuta pumzi na kutafuta kina kinachofuata. Kwa mtindo huo Chen Da aliweza kusimulia kisa kirefu cha ukoo mzima, kuonya vijana, au kueleza dhiki ya wahenga waliovuka bahari kutoka China, na hapo ndipo ulipo umalenga wake, si katika uzuri wa sauti, kwa sababu sauti yake ilikuwa kavu na isiyopambwa.

Mwaka 1967 watafiti wa muziki Hsu Tsang-houei na Shih Wei-liang waliongoza kazi ya kukusanya nyimbo za jadi, na Hsu akakutana na Chen Da huko Hengchun. Kazi hiyo ilikuwa ya lazima, maana serikali ilikuwa ikikikuza Kimandarini na kukibana Kihokkien, lugha aliyoiimbia Chen Da, shuleni na katika utangazaji. Baadaye aliimba Taipei mbele ya wanafunzi, na mwaka 1978 sauti yake ikasindikiza mchezo wa kundi la dansi la Cloud Gate kuhusu wahenga hao hao waliovuka bahari.

Sifa alizozipata kwa kuimba huko zilikuwa haki yake, lakini hazikumwondoa katika ufukara, na Aprili 1981 aligongwa na basi akafa. Leo watoto wa Hengchun hufundishwa yueqin shuleni.